Kutafuta Kazi Ukiwa na Ulemavu wa Viungo: Anza na Alhamisi Yako

Kazi yangu ya kwanza niliimudu siku tatu kwa wiki. Ilikuwa kazi ya ukarani wa stoo kwenye duka la jumla Kariakoo. Kaunta chini, mzigo ghorofa ya pili, ngazi 34 katikati yake. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, natembea kwa magongo. Jumatatu nilipanda na kushuka nikicheka na wenzangu. Jumatano nilishaanza kutafuta visingizio vya kubaki chini. Ikifika Alhamisi makwapa yamechubuka, bega la kulia halinyanyuki, na hesabu ya katoni naikosea kwa sababu akili yote iko kwenye maumivu. Nikiwa mwezi wa nne kazini niliambiwa kwa upole, "Dada, huku tunahitaji mtu mwepesi."

Nililia sana, kisha nikaelewa nilipokosea. Niliikubali kazi ile kwa kupima nguvu zangu za Jumatatu. Mwili wenye ulemavu wa kudumu hauna nguvu sawa wiki nzima, na kazi inayokufaa ni ile unayoiweza Alhamisi jioni. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo. Sheria na ofisi ninazozitaja ni za Tanzania, maana ndiko ninakoishi na kutafutia riziki.

Hatua ya kwanza: andika siku 14

Kabla hujafungua tangazo lolote la kazi, nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika ulichofanya, saa ngapi, na maumivu au uchovu kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Usisubiri usiku ndipo ukumbuke. Mtu akishapumzika husahau. Hizi ni kurasa mbili za daftari langu:

"Jumanne. Saa 12:10 asubuhi niko kituoni. Saa 1:25 nimefika mjini, nimesimama njia nzima. Bega 4. Nimekaa mezani saa mbili bila kuinuka, nyonga 5. Saa 9 alasiri vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi."

"Jumatano. Nimeamka na bega 6, sijagusa kitu bado."

Ile 6 ya Jumatano asubuhi ni deni la Jumanne. Ukitazama siku moja moja hulioni, ukiziweka pamoja linajitokeza. Wengi tuliougua polio utotoni hupata uchovu mpya na udhaifu mpya wa misuli miaka mingi baadaye, na hali nyingi za viungo huwa hivyo hivyo: mtu wa baridi yabisi huamka vidole vimekakamaa na kulainika kadiri asubuhi inavyosogea, aliyeumia mgongo huwa mzima asubuhi na kuisha jioni. Kila mmoja ana saa zake.

Mwisho wa wiki mbili, jijibu kwa namba: Naweza kukaa dakika ngapi kabla ya kubadili mkao? Kusimama je? Nabeba kilo ngapi, na kwa hatua ngapi? Ngazi ngapi kwa siku bila kuharibu kesho yake? Saa zangu nzuri ni zipi? Nahitaji choo cha namna gani, na mara ngapi? Usione haya kuhusu choo. Anayetumia mpira wa mkojo, au anayelazimika kujinyanyua kwenye kiti mara kwa mara ili asipate vidonda vya mgandamizo, anajua kwamba kazi nzuri yenye choo kibaya ni kazi ya wiki mbili.

Hatua ya pili: tengeneza vifaa kwanza

Mara nyingi tunasema "kazi hii siiwezi" wakati lisilowezekana ni gongo lenyewe. Gongo la kwapani halitakiwi kubeba uzito kwenye kwapa. Uzito unakaa kwenye kiganja, na kati ya kwapa na gongo kunapita vidole viwili au vitatu. Mimi niliegemea kwapa kwa miaka, ndiyo maana vidole vilikuwa vinakufa ganzi: mishipa ya fahamu ilikuwa inabanwa. Mtaalamu wa fiziotherapia alirekebisha urefu kwa dakika kumi. Ningefanya hivyo kabla ya Kariakoo, huenda ningemaliza mwaka.

Kagua mipira ya chini ya magongo (ikilika, sakafu ya vigae iliyolowa itakuangusha), kiti mwendo na mto wake, mguu bandia, chuma cha mguu. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT, Moshi kuna hospitali ya KCMC. Mikoa mingine, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa na uulizie fiziotherapia.

Hatua ya tatu: pima njia kama sehemu ya kazi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapotushinda, na hapa ndipo watafutaji wengi hawapigi hesabu kabisa. Mshahara unaoandikwa kwenye barua sio unaofika nyumbani.

Tuchukue mshahara wa shilingi 450,000. Ukikatwa asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), 45,000, zinabaki 405,000. Kodi haigusi 270,000 za kwanza. Inayozidi hapo inakatwa asilimia 8, yaani 10,800. Unabaki na 394,200. Sasa sema daladala huiwezi, unahitaji bajaji: 4,000 kwenda, 4,000 kurudi, siku 26. Hizo ni 208,000. Mfukoni inabaki 186,200, kabla ya chakula, kodi ya nyumba na dawa. Kazi ya 300,000 iliyo mtaa wa pili kutoka kwako inakuachia zaidi, na inakuachia mwili.

Kwa hiyo fanya safari ya majaribio, saa ile ile ambayo ungeenda kazini. Jumamosi saa 5 asubuhi haikuambii kitu. Ukiwa Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro yana nafuu moja kubwa: jukwaa la kituo liko usawa na mlango wa basi, huhitaji kupanda kidaraja. Lakini Kimara Mwisho saa 12 asubuhi ni watu kwa watu, na mwenye magongo akisukumwa hana pa kushika. Nilichojifunza ni kwamba nikitoka msongamano ukishapungua safari ni ile ile, ila nafika nikiwa mzima. Hilo likawa jambo la kwanza ninaloomba kwa mwajiri: kuanza saa 3 na kutoka baadaye kidogo. Halimgharimu chochote.

Hesabu pia hatua kutoka kituoni hadi mlangoni, na uangalie njia ikoje mvua ikinyesha. Mtaro uliofunikwa kwa mbao mbili ni njia kwa wengine. Kwako huenda ni mwisho wa safari.

Hatua ya nne: chagua kazi kwa kuangalia inachokula

Watu watakushauri kwa jina la ulemavu: "Wewe mguu, kashone." Sikiliza, shukuru, halafu rudi kwenye daftari lako. Kila kazi ina sehemu ya mwili inayoila. Ushonaji kwa cherehani ya miguu unakula miguu na kiuno. Cherehani hiyo hiyo ikifungwa mota ndogo, na kile kikanyagio kikahamishiwa penye mguu mzima au kikabonyezwa kwa goti, inageuka kazi nyingine kabisa. Kutengeneza simu kunakula vidole, macho na shingo, miguu inapumzika. Uwakala wa pesa kwa simu unakula muda wa kukaa na unadai choo cha karibu. Uhasibu, kuingiza takwimu, kupokea simu za wateja, kutafsiri na kusahihisha maandishi: mgongo na viganja. Bajaji ina breki ya mguu, lakini klachi, gia na mafuta vyote viko mkononi, ndiyo maana mafundi huweza kuihamishia breki mkononi na watu wengi wenye ulemavu wa miguu wanaendesha na kulisha familia.

Kazi ikikuvutia, omba kukaa na mtu anayeifanya siku nzima. Usihojiane naye sana, mwangalie tu: ananyanyuka mara ngapi, anainama wapi, nani anambebea vitu. Kisha linganisha na namba zako za Alhamisi.

Kama ujuzi ulionao unadai sehemu ya mwili uliyoipoteza, jifunze upya, hakuna aibu. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi fupi za miezi michache, na serikali ina vyuo vya ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu, kile cha Yombo, Dar es Salaam, kikiwa kinachojulikana zaidi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ndiyo ya kuanzia.

Hatua ya tano: karatasi

Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na mafunzo, wasifu wa kurasa mbili zisizozidi, wadhamini wawili au watatu wanaopokea simu. Hayo unayajua.

Usilolijua pengine ni ripoti ya daktari. Ripoti nyingi zinaishia kwenye jina la ugonjwa kwa Kilatini, na mwajiri akilisoma anaogopa. Mwombe daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aandike na unachoweza: "Anaweza kufanya kazi ya mezani saa nane kwa siku akiruhusiwa kubadili mkao kila dakika 45. Asibebe mzigo unaozidi kilo 5. Asipande ngazi mara kwa mara." Nenda na daftari lako la siku 14, daktari mwenye foleni ya watu sitini atakushukuru kwa kumpa namba. Ripoti hiyo kaa nayo. Hutaitoa hadi utakapoihitaji.

Kwenye wasifu, miaka uliyokaa nyumbani ukiugua usiifiche kwa uongo. Andika ulichofanya: ulitunza hesabu za kikoba, ulifundisha watoto wa jirani, uliuza vitenge kwa simu. Kutunza hesabu za wanawake ishirini wa kikoba bila shilingi kupotea ni uzoefu wa kazi, na uandikwe hivyo.

Hatua ya sita: wapi pa kutafuta

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Mwenye wafanyakazi 100 anatakiwa awe na watatu. Wengi hawajafika hapo. Mimi naitumia sheria hii kwa adabu, kwenye sentensi moja ya barua: "Natambua kuwa taasisi yenu iko chini ya matakwa ya Sheria Na. 9 ya 2010, na ningependa kuchangia kwa ujuzi wangu wa hesabu za stoo." Ujuzi ubaki ndani ya sentensi hiyo hiyo. Ukiitaja sheria peke yake, unasikika kama umekuja kudai.

Ajira za serikali zinapitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Matangazo yake huwahamasisha waombaji wenye ulemavu na kuwataka waainishe hali yao kwenye mfumo. Ainisha. Huko hakuna faida ya kunyamaza. Usipoijaza, siku ya usaili hakuna aliyejiandaa kwa ajili yako. Kuomba ni bure, kwa hiyo atakayekuambia ulipie "nafasi ya mlemavu" ni tapeli.

Vyama navyo vinasaidia: SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vyote vya watu wenye ulemavu, CHAWATA ni cha wenye ulemavu wa viungo. Waajiri wanaotafuta watu kwa ajili ya ile asilimia 3 mara nyingi hupiga simu huko. Jiandikishe tawi la wilaya yako na uhudhurie vikao, maana jina lisilo na sura husahaulika. Na usiwadharau jamaa, jirani, padri au imamu wako. Kazi niliyo nayo leo niliambiwa na mama muuza maandazi aliyesikia ofisi jirani wanatafuta mtu wa mahesabu.

Hatua ya saba: kusema, na kusema lini

Watu wanaojua mambo hawakubaliani hapa. Msimamo wangu kwa sekta binafsi: usianze na habari ya ulemavu wako kwenye wasifu, na usiwashtue nayo mlangoni. Iseme ukishaitwa kwenye usaili, kabla ya siku yenyewe, kwa ujumbe mfupi wa kikazi.

Niliwahi kunyamaza. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, lifti imekufa. Nilifika juu nimelowa jasho, mikono inatetemeka, na swali la kwanza nilishindwa kulijibu kwa kukosa pumzi. Tangu siku hiyo natuma hivi:

"Habari za asubuhi. Nimepokea mwaliko wa usaili wa Jumatano saa 4, nashukuru na nitafika. Natembea kwa magongo. Naomba kujua kama chumba kiko chini au kuna lifti inayofanya kazi, na kama gari linaweza kunishusha karibu na mlango. Asante."

Wakikujibu vizuri, umeshajifunza kitu kuhusu hao watu. Wakikaa kimya ghafla baada ya hapo, piga simu mara moja uulize kama usaili uko palepale, na ujumbe wako uutunze.

Hatua ya nane: siku ya usaili

Pumzika siku mbili kabla. Usifue, usihangaike na safari. Fika mapema upumzike nje ndipo uingie.

Swali litakuja, limevaa nguo mbalimbali: "Utaweza kweli?" "Hapa kazi ni nyingi, mama." "Nani atakusaidia?" Usikasirike, na usiahidi miujiza. Jibu kwa namba na mfano: "Kazi ya mezani nafanya saa nane, naamka kunyoosha mwili kila dakika 45. Mafaili ya juu nitaomba yashushwe rafu ya kati. Kwenye kikoba chetu nafunga hesabu kila Ijumaa na hazijawahi kupishana." Kisha nyamaza. Wengi wetu tunaharibu kwa kuendelea kujieleza.

Historia yote ya ugonjwa wako, operesheni ngapi, aliyekuroga ni nani kama wanavyoamini nyumbani, haiwahusu. Wakiuliza, warudishe kwenye kazi.

Hatua ya tisa: makubaliano yaandikwe

Ukipewa kazi, furahi, lakini usisaini siku hiyo hiyo. Orodhesha mambo matatu au manne unayohitaji, na uanze na ya bei ndogo: meza ya chini, kiti chenye egemeo, kuanza saa 3, ufunguo wa choo cha karibu, mtu wa kupandisha mafaili. Kwa uzoefu wangu mengi ya hayo hayanunuliwi, yanapangwa tu. Yaandikwe kwenye mkataba au hata kwa barua pepe ya kuthibitisha mazungumzo, kwa sababu meneja aliyekuahidi anaweza kuhamishwa mwezi ujao.

Ijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, una haki ya mapumziko ya saa moja. Itumie kulaza mwili, usiile kwa simu. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ukileta cheti cha daktari. Lakini aliye na chini ya miezi sita kazini bado hajaanza kupata likizo ya malipo, na ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali nao haujaanza. Panga kliniki zako ukilijua hilo.

Ubaguzi kwa sababu ya ulemavu umekatazwa tangu unapoomba kazi, kabla hata hujaajiriwa. Ukibaguliwa, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, na uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Ukiwa umeachishwa kazi, ni siku 30. Siku hizo zinapita haraka kuliko hasira, kwa hiyo usisubiri upoe.

Kama ajira haipatikani

Wengine miili yetu haitakubali ratiba ya mtu mwingine, na kujiajiri ndiyo njia. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukauliza masharti ya kundi letu, ambayo ni mepesi kidogo kuliko ya makundi mengine. Mkikopa kama kikundi, chagua wenzako kwa uangalifu kuliko unavyochagua biashara. Mkopo hauna riba, lakini mwenzako akitoroka deni lake linabaki kwenu. Na biashara nayo ipimwe kwa daftari lile lile. Kuku mia wanahitaji maji hata siku ambayo bega lako liko 8, kwa hiyo kabla ya kujenga banda, jua ni nani atayabeba siku hiyo.

Miezi mitatu ya kwanza

Usijithibitishe kwa kujiumiza. Tunapenda kubaki jioni, kubeba tusichoombwa, kupanda ngazi tuonekane tunaweza. Kisha mwezi wa tatu tunalazwa. Endelea kuandika lile daftari, mistari miwili kila jioni. Ukiona Alhamisi inapanda kutoka 5 hadi 7 kwa wiki tatu mfululizo, mwone msimamizi wako wiki hiyo hiyo, ukiwa bado unafanya kazi vizuri, umwambie ni kitu gani kibadilishwe. Mimi nilimwona wa kwangu kuhusu rafu za juu. Alimwita kijana wa ofisi, wakahamisha mafaili mchana ule ule, na hadi leo yako usawa wa mkono wangu.